Nepi za Amerikani

Mama yangu alikata nepi za mtoto wangu wa kwanza kutoka kwenye jora la amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, aliloachiwa na papa, yaani baba yangu. Papa alikuwa fundi cherehani kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mkabala na Kisangani, na alipokufa aliacha cherehani, mkasi mzito wa chuma, na jora hilo ambalo mama hakukubali kuliuza. Watu walikuja kuliulizia, naye alikuwa akiwajibu kwamba linangoja kazi yake. Nilipobeba mimba, katika miaka ile ya hamsini walipokuwa wakijenga barrage, bwawa la umeme, kwenye mto Tshopo, alivuka mto akiwa na jora miguuni ndani ya mtumbwi, akaja hadi nyumbani kwa mume wangu, akalitua juu ya mkeka na kusema, "Kazi yake imefika."

Siku ile hakukata. Alilowesha kitambaa chote kwenye beseni, akakifua, akakianika, kesho yake akakifua tena. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka kuona nguo za mtoto.

"Tukikata bila kufula, itakataa mayi," alisema. "Kitambaa ya duka iko na wanga. Kwanza wanga itoke yote, ndipo inajua kunywa."

Alipoanza kukata, alikata vipande vipana vya mraba, akazikata pembe ziwe za mviringo kidogo kwa sababu, alisema, kitambaa huanza kufa kwenye pembe. Upindo wake ulikuwa mwembamba, umekunjwa mara mbili, na uzi wake haukukazwa sana, ili kitambaa kikijikunyata kwa kufuliwa kisijikate chenyewe. Wenzangu waliosoma kwa masista waliziita kushi. Sisi tuliziita vitambaa vya mutoto, na wengine nepi. Nilizikunja nikazipanga kwenye sanduku la bati, nikatia majani makavu ya mchaichai katikati. Mara kwa mara nilifungua sanduku nizinuse tu.

Mume wangu alikuwa mwashi kwenye barrage. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji. Jioni moja alinikuta nimekaa mbele ya sanduku lililo wazi, akachukua nepi moja, akaiweka juu ya kiganja chake kile kikavu, na nyuzi za kitambaa zikashikwashikwa na mipasuko ya ngozi. Akacheka. "Mutoto atanikataa," alisema. "Nitamukwaruza."

Mtoto hakupata nafasi ya kumkataa. Uchungu ulinianza kabla ya sala ya alfajiri, na mkunga wa mtaa wetu, mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa barabara ile, alinikalisha, akanisimamisha, akanikanda kwa mafuta ya mawese, akanikalisha tena. Jua lilizama, likachomoza, likazama. Mwishowe aliacha kunitazama usoni. Wanaume walinibeba kwenye kitanda cha kamba hadi maternite, hospitali ya uzazi, na huko walimtoa mtoto kwa vyuma. Alikuwa mvulana. Alikuwa mzima wa viungo vyote, mkubwa, mwenye nywele nyingi, na alikuwa amekufa tangu muda mrefu. Walimfunga kwenye shuka la hospitali. Sikumshika. Nilimwona kisogo tu, mume wangu alipokuwa anatoka naye mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikiwa kwa muda siwezi kunyanyua mguu mmoja. Watu walikuja kunipa pole, wakakaa, wakaondoka. Asubuhi moja nilikuta godoro limelowa. Nilidhani ni jasho, kisha nikadhani ni yale maji ya uzazi yanayobaki. Nikageuza godoro. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limelowa upande wa pili. Nilisimama ili niende uani, na maji yakanitiririka mapajani bila mimi kuyaruhusu, kama yanatoka kwa mtu mwingine. Nikabana, hayakubanika. Nilikaa chini penye ule ule unyevu na sikumwambia mtu yeyote. Niliamini kwamba mwili umechoka na utakumbuka kazi yake.

Mama alivuka kuja kuniona mwisho wa wiki. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, akaelewa kabla sijafungua kinywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati, akatoa nepi mbili, akaziweka moja juu ya nyingine, akazikunja kwa urefu.

"Mama, hizi ni za mutoto," nilimwambia.

"Mutoto hatavaa hizi." Alikuwa amenipa mgongo. "Simama."

Nilisimama. Alinifunga kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga, akapitisha kamba ya kitambaa kiunoni, akaifunga kwa fundo la upande ili lisiniumize nikilala. Alipomaliza alivuta kanga yangu chini ili isionekane kitu, akaketi, akaanza kuchambua pondu, majani ya muhogo, kwa ajili ya chakula cha mchana, na ndipo nilipoona machozi yakimdondokea juu ya majani.

Alinipeleka maternite. Mwuguzi, kijana wa Maniema aliyekuwa akitafsiri maneno ya daktari, alinieleza akitazama ukutani. "Mama, kichwa ya mutoto ilikaa sana pahali pamoja. Ile nyama ikakufa, ikaanguka. Sasa kuko tundu. Mukojo inapita mule." Daktari alisema kidonda kikauke kwanza, nirudi baada ya miezi, ataangalia kama anaweza kushona. Mama aliuliza kama kuna dawa ya kunywa wakati huo. Hakukuwa na dawa.

Basi kazi ikawa ni vitambaa. Siku za mwanzo niliviharibu. Nilivitupa ndani ya ndoo vikiwa vimelowa, nikavifunika kwa sababu ya harufu, nikingoja vijae ndipo nivifue. Mkojo ukikaa kwenye kitambaa unakila. Kwanza unakifanya cha manjano, halafu kigumu, halafu siku moja unakikamua na kidole kinapita upande wa pili. Nikatumia maji ya majivu, kama tulivyofulia nguo za kazi za mume wangu zenye saruji. Yaliondoa rangi ya manjano, lakini yakala na uzi. Mama aliporudi na kuona nepi zimeanza kuwa nyembamba katikati kama ngozi ya kitunguu, alikaa chini nami akanifundisha kana kwamba ndiyo kwanza naingia jikoni.

Kitambaa kikitoka mwilini kiingie kwenye maji ya baridi hapo hapo, yasiwe ya moto, maana moto unaufunga uchafu ndani. Maji hayo yamwagwe, yawekwe mengine. Kisha sabuni ya mawese, na kufua kwa viganja, bila jiwe, kitambaa kwa kitambaa. Kukamua si kusokota. Ni kukunja na kubonyeza. Kuchemsha mara moja moja tu, vikianza kunuka hata vikiwa vikavu. Kuanika juu ya majani mafupi penye jua, kwa sababu jua la Kisangani linang'arisha kuliko majivu na halidai chochote. Na baada ya hapo pasi ya makaa, kila kitambaa, pande zote mbili, hadi kwenye upindo. Kwetu kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, na mayai yake yakifika kwenye ngozi, funza anaota humo kama jipu. Siku niliyochoka nikaacha kupiga pasi, nilipata funza wawili mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu. Mama aliwatoa kwa mafuta na ncha za vidole. Sikuacha tena.

Alinifundisha pia kubadilisha mkunjo. Leo sehemu nene iwe mbele, kesho iwe nyuma, kesho kutwa kitambaa kigeuzwe, ili pasiwe na mahali pamoja panapobeba kila kitu. Na alinikamata na jambo ambalo nililificha: nilikuwa nimeacha kunywa maji. Nilifikiri nikinywa kidogo nitalowa kidogo. Kumbe kilichotoka kilikuwa kikali zaidi, kilinichoma mapaja hadi ngozi ikafunguka, na vitambaa vilichakaa upesi zaidi.

"Kunywa," alisema, akashika kikombe mbele yangu. "Kunywa mayi, ile mukojo iwe nyepesi. Kitambaa itaishi, na weye utaishi."

Nikanywa. Nililowa zaidi, lakini nilichomeka kidogo kuliko kwanza.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alinifungia kamba ya kuanikia nyuma ya nyumba, mbali na barabara. Aliniletea sabuni akitoka kazini, akaiweka juu ya dirisha bila kusema ni ya nini. Miezi ya mwanzo alilala palepale nilipolala, na nililoweka nguo zake, na asubuhi alizivua akazitia kwenye ndoo yangu akaenda kazini. Baadaye alitandika mkeka chumba cha mbele, akasema joto limezidi. Ilikuwa majira ya mvua, hakukuwa na joto. Sikumbishia.

Nilifulia mtoni, kwenye mawe ya Tshopo, pamoja na wanawake wa mtaa. Nilijitenga upande wa chini ili maji yangu yasiwafikie. Hata hivyo nilipofika waliacha kuzungumza. Siku moja mmoja wao, jirani ambaye tulikuwa tukipikiana, aliniambia kwa upole mkubwa, "Dada, unaweza kuja saa wengine wamerudi? Watoto wanauliza." Nikaanza kwenda jua likiwa limesimama utosini, wakati mawe yanachoma nyayo na hakuna mtu.

Kisha mama mkwe wangu akaja kwa boti kutoka Basoko. Alikuja kutazama kwa nini hakuna mimba nyingine. Alikaa nasi, akala chakula changu siku mbili za kwanza, siku ya tatu akaanza kujipikia. Alizungumza na mwanawe uani, kwa Kilingala, akidhani sisikii. Hakutukana. Alisema tu kwamba yeye ana mtoto wa kiume mmoja na kwamba nyumba inanuka.

Mume wangu aliingia, akakaa kwenye kiti, akatazama mikono yake.

"Minajua haiko kosa yako," alisema.

"Ndiyo."

"Mama anasema uende kwenu kidogo. Upate kupona. Kisha nitakuja kukuchukua."

"Utakuja?"

"Kidogo tu," alisema tena.

Alinisindikiza mwenyewe hadi ufukweni. Alibeba sanduku la bati begani na ndoo mkononi, ndoo ile ile, mbele za watu wote, na hilo sikulisahau. Aliviweka ndani ya mtumbwi. Niliketi juu ya jani la mgomba ili nisilowanishe ubao, na mwenye mtumbwi, mzee aliyetuzoea tangu utoto wangu, alijifanya anarekebisha kasia. Mume wangu alisimama ufukweni hadi tulipofika katikati ya mto. Hakuja kunichukua. Baadaye nilisikia ameoa msichana wa Basoko, na nilisikia kwamba amezaa.

Nyumba ya mama kule Lubunga ilikuwa na chumba kimoja na ua wenye ukuta wa matete. Hapo angalau kulikuwa na mahali pa kuanika ambapo macho hayakufika. Kilichoniuma zaidi kuliko mume ilikuwa sala. Tangu nitoke arobaini sikuwa nimesali, kwa sababu nilijua hakuna udhu unaokaa juu ya mwili unaovuja. Nilikuwa nikisikia adhana kutoka msikitini nikageuza uso ukutani. Mama aliona. Alijifunga kanga mbili, akaenda kwa mwalimu wa msikiti, mzee aliyekuwa rafiki wa papa, na akamweleza kila kitu. Sijui alipata wapi ulimi.

Alirudi anatembea haraka. "Amesema unaweza kusali. Unangoja wakati wa sala ufike, unajisafisha, unafunga kitambaa safi, unatawadha, unasali hapo hapo. Ikitoka wakati unasali, haivunji. Mungu anajua haiko mapenzi yako. Lakini kila sala, unaanza upya."

Nililia siku ile. Nilisali adhuhuri, na katika sijida nikasikia nikilowa, nikaendelea. Ilikuwa siku pekee katika miaka hiyo ambayo naweza kusema nilifurahi bila kuogopa.

Lakini sala ni tano, na kila sala ilitaka kitambaa safi. Vile ambavyo vilikuwa vikinitosha viliisha upesi mara mbili. Asubuhi hadi jioni tulikuwa tukifua. Mama, ambaye macho yake yalianza kupata ukungu, alivichunguza kwa vidole: alinyoosha kila nepi juu ya goti na kupapasa katikati. Pale ilipokuwa nyembamba alikata moja kwa moja, kutoka juu hadi chini, akageuza vipande viwili hivyo, kingo za nje ambazo bado zilikuwa nene zikakutana katikati, na ile sehemu iliyochoka ikaenda pembeni. Mshono alioupitisha hapo ulikuwa wa kulala, nyuzi zimefichwa ndani, ili usinikate. Nepi iliyofanyiwa hivyo iliishi muda mwingine kama ule iliokwisha kuishi. Baada ya hapo haikuwa na upande mzima wa kugeuza. Ikawa kiraka cha nyingine.

Daktari alinipokea mwishowe. Nilivuka na mama, nikalazwa, wakanishona. Nilirudi kwenye fahamu nikiwa na mpira mwembamba unaotoa mkojo na kuupeleka kwenye chupa chini ya kitanda, na agizo la kulala chali nisigeuke. Nililala hivyo wiki baada ya wiki. Kitanda kilikuwa kikavu. Nilikuwa napeleka mkono chini ya mgongo, kisiri, napapasa shuka, na lilikuwa kavu. Mwuguzi yule wa Maniema alinicheka. "Mama, acha kuchungulia. Itaharibika ukitazama sana."

Mama alikuwa akivuka kuniletea chakula, nami nilimwambia, nipo mkavu. Alishika miguu yangu juu ya blanketi akakaa hivyo. Aliporudi Lubunga alifanya jambo ambalo hakuniambia. Alifua vitambaa vyote, akavichemsha, akavipiga pasi. Vibovu akavifanya vya kufutia. Vile vizima, vile vya jora la papa vilivyobaki bila kiraka, akavipeleka kwa mke wa jirani aliyekuwa amejifungua msichana. Alisema vimengoja mtoto vya kutosha.

Walitoa mpira. Siku ya kwanza nilikwenda chooni kwa miguu yangu, nikajisaidia kama watu, na nikacheka peke yangu mle ndani. Siku ya pili vivyo hivyo. Kisha asubuhi moja nilikohoa, na nikasikia joto lile ninalolijua likishuka kwenye paja. Sikumwita mtu. Nililala chali kama nilivyoagizwa, nikabana magoti, nikatazama dari. Mwuguzi alipokuja kutandika aliona, akaacha kucheka kwa muda wote niliobaki pale.

Nilipofika nyumbani mama hakuwa na kitambaa cha kunipa. Alifungua sanduku la bati mbele yangu, likawa tupu, na hapo ndipo aliponieleza. Alichukua kanga yake nzuri, ile ya kuendea harusi, akaichana katikati. Nilimwambia aende kwa jirani aombe. Alitikisa kichwa. Alisema mtu hachukui kitu alichokwisha kumpa mtoto.

Habari zilivuka ua bila sisi kuzipeleka. Baada ya siku chache jirani yule alikuja mwenyewe, akiwa amembeba kiunoni mtoto wake, mnene, anang'aa mafuta, na mkononi ana furushi. Alilitua mlangoni.

"Mama, minaleta hizi," alisema.

"Ni za mutoto," mama yangu akajibu.

"Mutoto iko na zingine."

Hakuwa nazo. Tulijua, kwa sababu mtoto yule alikuwa amevaa kipande cha gunia la unga, na maandishi ya bluu yalionekana bado kwenye matako yake. Mama alisimama na furushi mikononi. Jirani alisimama. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jani la mgomba nyuma ya mlango, na mtoto alinitazama akanyoosha mkono, akitaka nimshike. Sikunyanyuka. Ningenyanyuka wangeona jani. Jirani akasema kwaheri, akaenda. Furushi tulipolifungua tulikuta nepi zimepigwa sana kwenye mawe, upindo umeanza kufumuka, na mama akatafuta sindano, akaniomba nimtungie uzi, kwa sababu alikuwa haoni tena tundu lake.

Tulirudi hospitali mara nyingine, mvua zilipopita. Yule daktari alikuwa ameondoka kwenda kwao. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana, mpole, alinawa mikono kabla na baada, na alinipima kwa muda mrefu hadi nikaanza kutumaini. Kisha alizungumza na mwuguzi kwa Kifaransa. Mwuguzi alisikiliza, akauliza jambo, akajibiwa.

"Anasema nyama imekuwa nguvu kama ngozi ya kiatu," aliniambia. "Uzi hauwezi kushika pale. Akikata tena, tundu itaongezeka."

"Donc, basi nirudi lini?"

"Mama." Alinitazama usoni, yeye ambaye siku ile ya mwanzo alitazama ukutani. "Hapana kurudi. Utazoea."

Mama aliyekuwa amesimama kando yangu akauliza, "Amesema nini?" ingawa alisikia.

Tulivuka kurudi. Kwa miaka iliyofuata niliishi kwa sindano. Mama hakuona tena vya kutosha, basi mimi ndiye niliyeshika cherehani la papa, na watu wa Lubunga walinipa kazi: upindo wa kanga, suruali za watoto, pazia. Walipitisha vitambaa juu ya ukuta wa matete na kuvichukua hapo hapo. Walikuwa na adabu. Walinisalimu kwa jina la heshima, wakauliza hali ya mama, wakasimama nje. Mabaki ya vitambaa waliniachia, na kwa mabaki hayo nilijishonea vingine, vya rangi mchanganyiko, havinywi vizuri kama amerikani, lakini vilinifunika.

Mama alianza kuugua homa iliyokuja na kuondoka, kisha ikaja ikakaa. Nilimlisha, nikamfulia. Sasa sote wawili tulikuwa tunafungwa vitambaa, na mimi ndiye niliyemkunjia, kwa mkunjo alionifundisha, kamba upande ili isimwumize. Mara moja alishika mkono wangu wakati nafunga. "Usikaze," alisema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka yakiwa na maana. Mengine yalikuwa ya homa.

Alikufa mchana. Wanawake wa msikiti walikuja kumwosha, wakaweka shuka uani kwenye kamba ili kufanya sitara. Nilikwisha kujisafisha, nikafunga kitambaa kipya, nikatawadha, nikasimama mlangoni na mikono yangu imekunjwa. Binti ndiye anayestahili kumwosha mama yake. Mkubwa wao, mwanamke aliyenishika utotoni, alikuja kwangu akanizuia kwa kiganja kifuani, si kwa nguvu.

"Wewe pumzika, mama," alisema. "Sisi tutafanya."

"Mwalimu alisema ninaweza."

"Sala unaweza. Hii ni maiti. Wacha awe safi."

Wenzake walitazama chini. Kisha akaniuliza kama kuna vitambaa laini ndani, vya kuoshea, kwa sababu vile walivyokuja navyo vilikuwa vigumu. Nilikuwa navyo. Hakuna nyumba Lubunga nzima iliyokuwa na vitambaa laini kama vyangu. Niliingia nikamtolea, vimepigwa pasi, naye akavipokea kwa mikono miwili na kurudi nyuma ya shuka. Nilibaki mlangoni nikisikia maji yakimwagwa, na sauti zao wakielekezana: mgeuze, shika hapa, polepole.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Mama alipokuwepo, siku za mvua alivianika vitambaa juu ya moto, akakaa akivigeuza kimoja kimoja visishike moshi, huku mimi nikifua vingine. Mtu mmoja hawezi kazi zote mbili. Nilipofua, moto ulizimika. Nilipokoka moto, ndoo ilijaa. Vilivyokauka nusu nilivipiga pasi vikiwa na unyevu, vikatoa mvuke na harufu, na vilianza kuota madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa jua, hata kama jua lingekuwepo. Ngozi yangu ilifunguka tena.

Alasiri moja niliisikia adhana. Nilikwenda kwenye kamba nikashika kitambaa cha kwanza, kikawa kimelowa. Nikashika cha pili. Nilipapasa kamba yote hadi mwisho, kisha nikapapasa vilivyo juu ya moto, na kwenye sanduku, na chini ya godoro la mama nilikokuwa nimekunja viwili kwa dharura. Navyo vilikuwa na unyevu. Nilikaa juu ya kiti cha cherehani. Nilisubiri hadi wakati wa sala ukapita, na nilidhani magharibi nitakuwa na kimoja kikavu. Magharibi ilipoingia mvua ilikuwa bado inanyesha, na sikunyanyuka kwenda kutazama.